Mnapanda Miti kwa Kamera, Mnaiua kwa Tairi

Wiki iliyopita mama alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo mama hapigi simu ya salamu. "Wamekuja kupima," akasema. Nani? "Wale wa kabro. Wamepiga chokaa mpaka kwa shina la muuru."

Wasee, mnaonifuata hapa mnajua kazi yangu ni kuwachekesha. Leo nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie, posti ni ndefu.

Mama anauza mitumba kwa soko moja upande wa Meru. Soko silitaji, na mkandarasi simtaji, kwa sababu mimi nitazima simu nilale, lakini yeye kesho asubuhi lazima afungue kibanda palepale. Kibanda kiko chini ya muuru. Kwa wale hawaujui: Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, ingawa hauna undugu wowote na mwaloni. Wanasayansi wanauita Vitex keniensis, na hilo jina la pili linakwambia unatoka wapi. Ni mti wa miteremko ya Mlima Kenya, mti wa hapa kwetu kabisa. Huu wa mama, mzee anayeuza viatu karibu naye anasema aliukuta hivyo hivyo akiwa kijana, na huyo mzee sasa hana meno ya kutafunia mahindi choma.

Zamani miti ilikuwa miwili. Mwingine ulikuwa jakaranda, mita kama kumi na tano hivi kutoka kwa muuru. Nitawaambia ulivyokufa, kwa sababu kila mtu pale sokoni ana hadithi yake na zote ni uongo, pamoja na ile niliyokuwa nayo mimi.

Niliporudi nyumbani baada ya kuacha chuo (mwaka wa pili, karo, hadithi mnaijua) jakaranda lilikuwa limeanza kukauka juu. Si lote. Ncha za matawi ya juu tu, kama mtu anayeanza kupata upara. Mwaka uliofuata majani yakawa madogo, ya manjano, machache. Maua yakaja mengi kupita kiasi, zambarau tupu, watu wakapiga picha wakasema mti umependeza. Maze, ule mti ulikuwa unaaga. Mti ukiona unakufa mara nyingi hutupa nguvu yote kwa maua na mbegu. Kisha ikaja mvua na upepo usiku mmoja, tawi likaangukia kibanda cha mama wa nyanya. Mungu ni mkubwa, ilikuwa usiku. Siku mbili baadaye pawa-soo ikaja, jakaranda likawa kuni.

Sasa sikiliza sababu watu walizotoa. Ukame. Mchwa. Uzee. Mmoja akasema kuna mtu alimwaga oili chafu. Mwingine akaleta mambo ya uchawi wa kibiashara, ati mwenye hoteli alitaka watu waone bango lake. Hakuna hata mmoja aliyesema kuhusu ile siku, miaka kama mitatu kabla ya matawi kuanza kukauka, walipoleta malori ya maramu wakamwaga chini ya jakaranda, wakapitisha rola mara nyingi mpaka ikang'aa, na pale pakawa steji ya pikapu na malori ya viazi. Upande wa muuru hawakufika kwa sababu vibanda vilikuwa vimejazana. Yaani kilichookoa muuru ni fujo ya kina mama.

Hiyo miaka mitatu ndiyo kiini cha maneno yangu leo. Mti haufi siku unayoukanyaga. Una akiba ndani ya shina na ndani ya mizizi, unakula hiyo akiba kimya kimya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakati mwingine wa saba. Ukianza kuonyesha ugonjwa juu, aliyeua ashalipwa, ashakunywa pesa, na ashapewa tenda nyingine. Hakuna mauaji rahisi kuficha kama haya.

Kuna msee kwa komenti za video yangu ya juzi aliandika: "Wewe hata chuo hukumaliza, unajua nini kuhusu udongo?" Sawa. Wacha tusitumie digrii. Tutumie nondo.

Nilichukua kipande cha nondo ile nyembamba ya ringi, mvua ikiwa imenyesha jana yake, nikaenda kwa shosho yangu Manyatta, Embu, nikaisukuma kwa mkono chini ya mti wa mukima katikati ya shamba la kahawa. Iliingia mpaka mkono wangu ukagusa majani. Nikarudi sokoni, nikajaribu chini ya muuru, katikati ya vibanda. Iliingia kiasi, ikakwama, nikasukuma tena ikaingia. Halafu nikaenda pale lilipokuwa jakaranda, steji. Haikuingia. Niliiegemea na kifua, ikapinda. Watu wa pikapu wakanicheka, na video mliiona, ilipata watazamaji wengi kuliko chochote nilichofanya mwaka huu kwa sababu nilianguka.

Jaribio la pili. Mkebe wa Kimbo, toboa chini uwe bomba, upigilie ardhini kidogo, ujaze maji. Kwa shosho maji yaliisha kabla sijaweka simu vizuri nirekodi. Kwa steji nilinunua smokie mbili, nikala, nikalipa, nikarudi, maji yalikuwa yananitazama. Fanya hivyo kwako leo jioni. Haihitaji cheti.

Tatizo letu la kwanza ni kwamba tunafikiri udongo ni kitu kigumu. Udongo mzuri, karibu nusu yake ni nafasi tupu. Vijitundu. Robo hivi ya ujazo wote ni maji, robo hivi ni hewa, na hiyo hewa ndiyo mizizi inapumua. Ndiyo, mizizi inapumua. Majani yanatengeneza chakula, lakini mizizi inataka oksijeni kama wewe, na ikikosa inakufa kama wewe, polepole tu. Ukishindilia udongo, vijitundu vikubwa ndivyo vinavyofungwa kwanza, na hivyo vikubwa ndivyo njia ya hewa na njia ya maji ya mvua kushuka. Vinabaki vile vidogo sana ambavyo hushika maji kwa nguvu hata mti unashindwa kuyanyonya. Kwa hivyo mti mmoja, mahali pamoja, unaweza kuzama wakati wa mvua na kufa kiu wakati wa jua. Watu wakiona hivyo wanaleta ndoo ya maji. Ni kama kumlisha mtu aliyefungwa mdomo.

Tatizo la pili ni karoti. Watu wengi wanaamini mti umejengwa kama karoti: shina juu, mzizi mmoja mrefu chini, kwa hivyo ukikanyaga pembeni hujagusa kitu. Mizizi mingi ya mti mkubwa iko katika sentimita 60 za juu, na ile myembamba inayonyonya maji na chakula iko juu zaidi, sentimita 30 za kwanza. Halafu inaenea mbali kupita matawi, mara mbili, hata mara tatu ya upana wa kivuli. Mti umekaa kama bilauri juu ya sahani. Ukiegesha lori mahali unadhani ni nje ya mti, umeegesha juu ya mdomo wake.

Na uzito? Hapa ndipo napenda kuwauliza watu wa petroli steshoni, kwa sababu wao wanajua bila kujua kwamba wanajua. Muulize anayejaza upepo gari ndogo inataka ngapi. Atakwambia thelathini, thelathini na mbili. Hiyo PSI thelathini ni karibu kilo mbili kwa kila sentimita moja ya mraba, na kwa kukadiria, shinikizo la upepo ndani ya tairi ndilo shinikizo linalokandamiza ardhi chini yake. Lori la viazi linataka mia moja na zaidi. Hizo ni kilo saba kwa sentimita moja ya mraba, eneo la ukucha wa kidole chako kidogo. Mtu mzima akisimama kwa mguu mmoja anakandamiza chini ya nusu kilo. Ng'ombe, kwa sababu kwato zake ni ndogo na mwili ni mkubwa, akitembea hayuko mbali na tairi la gari ndogo. Ndio maana njia ya ng'ombe kwenda mtoni haioti nyasi.

Kitu kingine, shinikizo la tairi linaharibu udongo wa juu, lakini uzito wote wa ekseli ndio unaoamua madhara yanashuka kina gani. Lori lililojaa linashindilia mpaka mahali jembe lako halitafika maisha yako yote. Na safari ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Ya ishirini inaongeza kidogo tu, kwa sababu kazi ishafanyika. Kwa hivyo ukisikia "tutapitisha mara moja tu, siku moja," jua hiyo mara moja ndiyo yenyewe. Na kama mvua imenyesha, zidisha, kwa sababu maji yanalainisha udongo, chembe zinateleza na kujipanga kama matofali.

Halafu kuna rola. Rola halikanyagi udongo kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo ajira yake. Mainjinia wa barabara wanapima wanachoshindilia, wanataka kifike asilimia 95 au zaidi ya uzito wa juu kabisa ambao udongo huo unaweza kufikia maabarani. Sisemi wanakosea, barabara isiposhindiliwa inazama, na sisi wa Meru na Embu tumeona barabara za kutosha zikizama. Ninachosema ni kwamba udongo ambao injinia anaufurahia na udongo ambao mzizi unaishi ndani yake haviwezi kuwa kitu kimoja mahali pamoja. Ukipanga kabro mpaka kwa shina, umechagua. Basi sema umechagua. Usiniambie "tumehifadhi mti" kwa sababu shina bado limesimama. Umehifadhi nguzo.

Nirudi kwa shosho kidogo, kwa sababu mtu asidhani haya ni mambo ya mjini.

Shosho ana makadamia, kahawa na mukima za kivuli, kama nusu ya Embu. Miaka michache iliyopita broka mmoja alikuja kununua makadamia, na badala ya kubeba magunia mpaka barabarani, lori likaingia shambani, kati ya mistari, kwa sababu vijana wa kubeba walitaka pesa zaidi. Ilikuwa mwezi wa nne. Mnajua msimu mkubwa wa makadamia unavyokutana na mvua ya Machi hadi Mei. Lori likakwama, likapiga rivasi, likachimba, likatoka. Shosho akalipwa, akafurahi. Mistari miwili pembeni ya hiyo njia leo ina majani ya manjano na ncha zilizokauka, na mingine yote ni kijani. Amenunua dawa ya kupuliza. Amenunua mbolea ya majani. Duka la dawa lilimuuzia chupa tatu bila hata kuuliza swali moja kuhusu mizizi.

Sasa kitu ambacho mimi mwenyewe kilinishtua nilipokijua: makadamia na mukima ni ndugu. Ukoo mmoja, zote zilitoka Australia. Na huo ukoo una mizizi ya ajabu, vishada vya nywele nyembamba sana vilivyojazana karibu kabisa na uso wa udongo, kama ndevu, vinavyokwangua fosforasi mahali ambapo miti mingine ingekosa. Ni mizizi yenye akili nyingi na ngozi nyepesi. Yaani katika miti yote ambayo ungeweza kuchagua kupitishia lori juu yake, tumechagua ile iliyoweka mdomo juu zaidi. Ongeza kwamba maji yakituama pale, ukungu unaooza mizizi na shina la makadamia unapata makao. Basi usimlaumu ukungu peke yake. Kuna mtu aliufungulia mlango.

Na udongo wetu ndio unatudanganya. Huu mwekundu wa volkano, mzito wa kina, ambao wataalamu wanauita nitisoli, ni mzuri sana hata tunafikiri hauharibiki. Kijana wa Mbeere kule chini kwenye mchanga na jua anajua ardhi ikiwa ngumu ni ngumu. Sisi wa juu tumebembelezwa.

Kitu ningependa kuuliza wanasiasa wetu: mnakumbuka Mei 2024, Mombasa ilipopiga muguka marufuku, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata? Kila kiongozi wa Embu alikuwa kwa televisheni. Rais akaingilia kati. Watu wakajua ghafla muguka ni nini, unapandwa wapi, unalisha familia ngapi. Sikatai, ni riziki ya watu. Lakini nimejifunza kwamba mti ukiwa na pesa kwa majani, mizizi yake inapata mawakili. Muuru wa sokoni hauna majani ya kuuza. Una kivuli tu, na kivuli hakina broka.

Halafu tuje kwa sherehe zetu.

Serikali ilisema miti bilioni 15 kufikia 2032. Tukapewa sikukuu, Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023, kila mtu apande, lengo la siku hiyo milioni 100. Mimi nilienda, kwa nia safi na kwa kontenti, sitadanganya. Ilikuwa ile mvua ya El Niño, ardhi imelowa chepechepe. Mheshimiwa (simtaji) akaja na msafara. Magari yakaegeshwa wapi? Juu ya uwanja uleule wa kupandia. Hema likapigwa. Watu mia kadhaa tukazunguka pale kwa gambuti masaa manne tukisikiliza hotuba, tukapanda miche, na kila mche baada ya kufukiwa ukakanyagwa kwa kisigino, pa pa pa, "usimame vizuri." Picha zikapigwa. Nilirudi miezi kadhaa baadaye. Mahali magari yalikaa unaweza kuchora mistari kwa macho: nyasi fupi, maji yametuama, na miche vijiti.

Tunahesabu miche inayoingia ardhini. Hakuna anayehesabu ardhi inayoipokea. Na mti mmoja mkubwa uliokwisha kusimama, wenye kivuli cha kina mama kumi, ukifa leo, mche wako wa shilingi ishirini utachukua miaka mingapi kufika pale? Mama atakuwa na umri gani?

Kuna wakati nchi hii iliamka. Novemba 2020, barabara ya juu kwa juu ya Nairobi ikijengwa, ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, na likatoka tamko kwa jina la Rais Uhuru Kenyatta mti usiguswe. Nilikuwa bado shule na nilifurahi kama kila mtu. Lakini angalia tulichokuwa tunatetea: shina na matawi. Mjadala wote ulikuwa kuhusu msumeno. Mkenya anaelewa msumeno. Rola halijaelewa bado.

Wazee walielewa zaidi, na sisemi hivi kwa sababu ya mapenzi ya zamani, mimi zamani siwezi kuishi hata wiki bila bando. Kwa Wameru, Waembu, Wambeere na majirani wetu, mugumo ulikuwa mahali pa sala. Hukati, huokoti kuni, hulishi ng'ombe pale. Profesa Wangari Maathai ameandika jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwa mugumo, na jinsi alivyokuja kutambua baadaye kwamba mizizi ya ule mti na chemchemi ya karibu vilikuwa na uhusiano, mizizi ikipenya mwamba na kuleta maji juu. Mwiko ulilinda duara. Hakuna tairi, hakuna kwato, hakuna njia ya mkato. Tuliondoa mwiko tukasema ni ushamba, na hatukuweka chochote mahali pake.

Wenye pesa wamewahi kulitambua kosa na kulirudisha nyuma. Kule Yosemite, Marekani, kuna msitu wa Mariposa wenye misekwoya, miti mikubwa kuliko majengo yetu mengi. Walikuwa wamejenga barabara za lami na maegesho katikati ya mizizi ili watalii wasitembee. Mwaka 2015 wakafunga, wakang'oa lami, wakahamisha maegesho mbali, wakaweka njia za kutembelea za mbao zilizoinuliwa mahali penye mizizi mingi, wakafungua tena 2018. Taifa la magari lilikubali kutembea. Sisi tunang'ang'ana pikapu ya viazi ikae mita mbili kutoka kwa shina.

Sasa, sehemu ngumu. Mama anataka kabro.

Nilipomwambia nitapiga kelele mtandaoni, alikasirika. "Wewe hukai kwa matope," aliniambia. Na ni kweli. Mvua ikinyesha, nguo za watoto alizolipia asubuhi zinadondokea matope na bei inashuka nusu. Wateja wenye viatu vizuri hawaingii. Choo kiko mbali na njia ni utelezi. Mtu akija na kabro, mama haoni mkandarasi, anaona malaika. Kwa hivyo wale mnaoandika "wafukuzeni na kabro zao," tulieni. Hamjawahi kufua bela nzima ya nguo za mitumba.

Ninachotaka si kikubwa hivyo. Kuna kanuni ambayo hutumiwa sana na wanaolinda miti kwenye ujenzi: chukua kipenyo cha shina, zidisha mara 12, hilo ndilo eneo la mizizi la kulinda kutoka kwa shina kwenda nje pande zote. Huna kifaa? Zungusha kamba kwa shina kwa urefu wa kifua, kata. Hiyo kamba, ipime mara nne kwenda nje. Karibu utapata jibu lilelile. Muuru wa mama unatoa duara kubwa, mita nane na kitu, na ndani ya duara hilo kuna vibanda sita. Hatuwezi kufukuza vibanda. Lakini tunaweza kukataa rola ndani ya duara. Tunaweza kukataa lori la kokoto kugeuzia pale. Mawe yamwagwe nje, yabebwe kwa wilbaro, vijana wapo na wanataka kazi. Kabro ziishie nje ya duara, na ndani kuwe na kitu kinachopumua.

Kitu gani? Wacha niwape bure. Stockholm, Uswidi, wamekuwa wakichimba mashimo ya miti ya mjini na kujaza mawe makubwa, na kati ya mawe wanaweka makaa ya mimea yaliyochanganywa na mbolea. Mawe yanabeba uzito wa barabara, na nafasi kati ya mawe zinabaki kwa mizizi na hewa. Lakini wewe usichimbe mizizi ya mti uliosimama. Kwa muuru, kazi ni rahisi zaidi: tandaza maganda. Meru na Embu tunakoboa kahawa, tunapasua makadamia, na maganda yake yanalala kwa marundo. Weka unene wa sentimita kumi, usiyasukume yakagusa shina. Yanatawanya uzito wa miguu, yanazuia matope kurukia nguo, yakioza yanalisha minyoo, na minyoo ndio wachimbaji wa bei nafuu zaidi duniani. Mwaka hadi mwaka unaongeza. Mama nilipomweleza hivyo alinyamaza, halafu akauliza, "Na hayo maganda ni ya bure?" Hapo nikajua nimeshinda nusu.

Nusu nyingine ni yule jamaa wa chokaa. Nilimpigia. Alikuwa mpole, nampa hiyo. Aliniambia mchoro hauonyeshi mti. Fikiria. Kuna mchoro rasmi wa soko, una mitaro, una taa, una choo, na mahali pa muuru pana vijisanduku vya kabro, mstari kwa mstari. Nikamuuliza, sasa kabro zitapita ndani ya shina? Akacheka akasema, "Tutakata moja moja zizunguke." Nikamuuliza nani anaweza kubadilisha mchoro. Akasema hilo liko juu yake. Nikauliza juu yake ni nani. Akasema ana simu nyingine.

Najua komenti zinakuja. Ati mti ni hatari, utaangukia watu. Ndiyo, mti uliokatwa pumzi mizizi ni hatari, uliza kibanda cha mama wa nyanya. Kwa hivyo usiuue kisha useme ni hatari. Ati maendeleo hayangoji mti. Maendeleo yalingoja bajeti miaka sita, yanaweza kungoja wilbaro siku tatu. Ati wewe ni msee wa vichekesho, rudi kwa vichekesho. Nitarudi.

Kazi inaanza mwisho wa mwezi, walivyosema. Mimi na vijana wawili wa boda tumepima duara kwa kamba na kupigilia vigingi usiku wa juzi, tukafunga matambara mekundu ya mitumba aliyotupa mama, zile nguo ambazo hata shilingi kumi hazitoki. Asubuhi vigingi vilikuwa bado vipo, na mzee wa viatu alikuwa ameongeza chake.

Jumamosi saa tatu niko pale na nondo na mkebe wa Kimbo. Nitaomba gunia kumi za maganda kutoka kwa kiwanda kimoja, wakikubali nitawaambia. Anayetaka kuja aje. Gari acha barabarani.